Mwendo wa Kundi ni Mwendo wa Aliye Nyuma



Tafakari ya leo inatoka barabarani. Watu wanaosafiri kwa pikipiki wakiwa kundi wana kanuni moja: kila mmoja anamwangalia anayemfuata kwenye kioo. Usipomwona, punguza mwendo. Ukifika njia panda, simama mpaka atokee. Ndiyo maana kundi haliendi kwa kasi ya pikipiki kubwa iliyo mbele, bali kwa kasi ya ile ndogo ya mwisho.

Nataka tuitazame imani yetu kwa kanuni hiyo, kupitia hija tuliyofanya vijana watano, pikipiki tano, kutoka Mwanza hadi Namugongo nchini Uganda, kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni.

Imani ilivuka ziwa

Tuliondoka alfajiri ya tarehe 31 Mei, tukavuka Kigongo–Busisi, tukapita Geita, Biharamulo na Muleba, tukalala Bukoba migongo ikiuma kweli kweli. Si mbali na Kigongo ndipo ilipo Bukumbi, mahali ambapo vijana wengi wa kwetu hupapita bila kujua kwamba panahusiana na Namugongo.

Mwaka 1879, Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walivuka Ziwa Nyanza kwa mtumbwi kutoka upande wetu wa kusini, wakaingia Buganda. Mwaka 1882 wamisionari wakalazimika kuondoka, wakaja kukaa huku kusini, na Bukumbi ikawa misheni yao. Walirudi Buganda mwaka 1885.

Sasa jiulize: miaka hiyo yote bila padre, nani aliwashika wakatekumeni? Ni wenzao! Walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba waliwafundisha wengine, wakasali nao, wakawatia moyo. Wamisionari waliporudi walikuta imani haijazimika, imeongezeka. Ilitunzwa na watu waliokuwa wakitazamana.

Siku ya mpakani

Kutoka Bukoba hadi mpaka wa Mutukula ni takribani kilomita 80, unapita Kyaka na kuvuka Mto Kagera. Tulikuwa tumejiandaa: pasipoti, kadi ya homa ya manjano, leseni, kadi ya pikipiki, bima ya COMESA. Wanne tukamaliza taratibu. Wa tano, mdogo wetu wa kundi, akakwama. Kadi ya pikipiki yake ilikuwa bado na jina la aliyemuuzia, na hakuwa na barua ya kumruhusu kuvuka nayo. Aliyemuuzia yuko Mwanza, simu haipatikani.

Mpango wetu ulikuwa kulala Masaka, na kesho yake tarehe 2 kutembea kwa miguu kutoka Munyonyo hadi Namugongo, njia ya mashahidi wenyewe. Tuliisubiri siku hiyo mwaka mzima. Mmoja wetu akasema, "Jamani, twendeni. Atatukuta mbele." Haikuwa roho mbaya, hesabu ya muda ilikuwa inasema hivyo.

Mdogo wetu naye akasema, "Nendeni tu, kaka. Mimi nitarudi nyumbani." Wote tulijua maana ya neno hilo. Tangu mama yake afariki alikuwa hafiki Misa wala jumuiya. Hija hii aliikubali kwa kubembelezwa sana.

Dada aliyekuwa akiendesha mwisho wa msafara hakuhubiri. Alizima pikipiki, akavua helmeti, akaketi kwenye kivuli. "Mimi nipo," akasema. Basi. Mmoja mmoja tukazima.

Simu ilipatikana jioni. Barua ikaandikwa Mwanza, ikathibitishwa kwa mwanasheria kesho yake asubuhi, ikatumwa, ikachapishwa dukani pale pale mpakani. Tulivuka saa tano. Tukapita Masaka, tukapiga picha moja ya haraka kwenye mstari wa Ikweta pale Kayabwe, tukafika Namugongo usiku. Matembezi ya Munyonyo yalitupita.

Karoli na Kizito

Usiku ule nilifikiri juu ya Mt. Karoli Lwanga. Mwezi Mei mwaka 1886, pale Munyonyo, alipoona hasira ya Kabaka Mwanga imefika mwisho, aliwabatiza wenzake ambao walikuwa bado wakatekumeni. Mmoja wao alikuwa Kizito, kijana wa miaka kama 14. Simulizi tulilorithi linasema Kizito aliogopa, na Karoli akamwahidi kumshika mkono. Asubuhi wakasimama pamoja, wakaikiri imani yao.

Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu 22 kwa pamoja. Yumo aliyekuwa kiongozi, yumo pia aliyebatizwa juzi tu.

Soma Marko 2:1–12. Yule aliyepooza hakufika kwa Yesu kwa miguu yake. Wenzake wanne walimbeba, wakatoboa dari. Na Mwinjili anatuambia kwamba Yesu aliiona imani *yao*.

Tusichanganye mambo, lakini. Kumsubiri mwenzako si kumsindikiza anakopotelea. Sisi hatukubadili safari. Namugongo ilibaki Namugongo. Tulichobadili ni saa ya kufika. Mwenzako akiacha kusali, wewe usiache ili mfanane. Simama pale anapoweza kukuona, mpigie simu, mfuate kwake, mwambie "mimi nipo."

Mdogo wetu alipanga foleni ya kitubio usiku ule. Ilikuwa ndefu, nasi tukasubiri tena. Aliyoyasema kwa padre si yetu. Asubuhi alikomunika.

Tafakari

1. Katika kundi lako la vijana, nani ametoweka kwenye kioo? Tangu lini?
2. Ni mpango gani mzuri uko tayari kuupoteza ili mwenzako afike?
3. Na kama wa nyuma ni wewe, je, unakubali kusubiriwa?

Sala

Ee Bwana Yesu, Mashahidi wa Uganda walishikana mikono mpaka kwako. Utupe macho ya kumwona anayebaki nyuma, na moyo wa kumsubiri bila kulalamika. Utufikishe wote, asipungue hata mmoja. Amina.

Mt. Karoli Lwanga na wenzake, mtuombee.