Ungama Dhambi Zako, Si za Mwenzako



Kwaresima moja niligombana na mama watoto juu ya karo ya shule, nikaenda kuungama hasira ikiwa bado inachemka. Nilipopiga magoti nilimweleza padre jinsi mke wangu alivyo mkali, jinsi anavyonijibu mbele ya watoto, na jinsi asivyowajali wazee wangu. Padre alinisikiliza kwa upole hadi nikamaliza. Kisha akaniuliza, "Hizo ni za mama. Zako ziko wapi?" Mimi katekista, ninayewafundisha watoto Amri Kumi, sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo hujitayarisha kabla ya kutoka nyumbani. Nawe fanya hivyo. Usiku uliotangulia kaa peke yako, mwombe Roho Mtakatifu, halafu utafute dhambi moyoni mwako. Bwana, ulipopokea mshahara au pesa za maziwa, je, mama alijua ni kiasi gani? Ile simu uliyotoka nje kuijibu ilikuwa ya nani? Mama, umemsema bwana yako kwa majirani, au umewafundisha watoto kumdharau baba yao? Na nyinyi wawili, mmenyimana haki ya ndoa ili kuadhibiana? Mmelala siku ngapi bila kusemezana?

Kusema "Nimekosa katika ndoa" hakutoshi. Kanuni ya 988 ya Sheria za Kanisa inadai dhambi kubwa zitajwe kwa aina na idadi. Basi sema, "Nimempiga mke wangu mara mbili." Huna haja ya kusimulia kisa chote wala kutaja jina la mtu mwingine. Dhambi kubwa uliyoisahau bila kukusudia imeondolewa pamoja na nyingine. Ukiikumbuka, itaje safari ijayo. Lakini ukiificha kwa makusudi, maungamo yako ni bure, na umeongeza dhambi nyingine.

Wengine huogopa kwamba padre atamwambia mwenzao. La! Kanuni ya 983 inamkataza kumfichua mwenye kuungama kwa neno au kwa njia yoyote ile, kwa sababu yoyote ile. Nawe usimdadisi mwenzako, "Mbona umekaa sana, ulisema nini?" (Nawajua wanaohesabu dakika wakiwa kwenye foleni!)

Halafu yako malipizi. Sala alizonipa padre nilizitimiza palepale kanisani, lakini maneno niliyomrushia mama yalikuwa bado yananingoja nyumbani. Kama ungekuwa umekula pesa za nyumba, ungepaswa kuzirudisha pia. Nilimkuta jikoni akikatakata sukuma wiki. Nikavuta kigoda, nikamwomba msamaha. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia nilete kisu kingine.