Urani: Jinsi Mwamba Ulivyowafikia Wanavajo Mapafuni

Ukilishika jiwe lenye urani kwa dakika chache, huenda lisikudhuru kitu. Iweje basi mawe hayohayo yakawaua Wanavajo, jamii ya Wamarekani asilia, waliokuwa wakiyachimba kusini-magharibi mwa Marekani? Tuifuate atomi moja ya urani tuone inakoishia.

Atomi hiyo haitulii. Hutoa chembe, ikageuka elementi nyingine, ingawa taratibu mno: nusu ya urani huhitaji miaka bilioni 4.5 kugeuka. Baada ya hatua kadhaa huwa radiamu, kisha radoni. Urani na radiamu ni yabisi, hubaki ndani ya mwamba. Radoni ni gesi, hivyo hutoka.

Mlimani, upepo huitawanya. Lakini kati ya 1944 na 1986, tani zipatazo milioni 30 za mawe zilichimbwa katika ardhi ya Wanavajo, mwanzoni kwa ajili ya mabomu ya nyuklia. Baruti ilipopasua mwamba, radoni ilivuja kwenye nyufa na kujaa katika mashimo yasiyo na feni.

Radoni nyingi uivutayo huitoa tena unapopumua. Hatari imo katika vizalia vyake, kama poloniamu: hivi ni yabisi, hunata kwenye vumbi, na vumbi hunata mapafuni. Huko hutoa chembe za alfa. Chembe hizo huzuiwa hata na karatasi, na ngozi ya nje yenye seli zilizokufa huzikinga. Utando wa mapafu hauna kinga hiyo. Seli zilizo hai hupokea pigo lote, DNA hukatika, na miaka mingi baadaye saratani hujitokeza. Utafiti uliochapishwa 1984 ulichunguza wanaume 32 wa Kinavajo waliopata saratani ya mapafu: 23 kati yao walikuwa wamechimba urani, na uvutaji sigara ulikuwa haba katika jamii yao.

Migodi ilifungwa, fizikia haikufungwa. Kinu kinachosaga mawe huondoa urani na kuiacha radiamu katika mabaki; nusu ya radiamu huhitaji miaka 1,600 kugeuka. Ndiyo maana topesumu, yaani mabaki hayo ya kinu, hubaki na takriban asilimia 85 ya unururifu wa mawe ya awali. Tarehe 16 Julai 1979, bwawa la topesumu lilibomoka Church Rock, New Mexico, na lita zaidi ya milioni 350 za maji yenye asidi zikamwagika katika mto Puerco, ambako Wanavajo walinyweshea mifugo yao.

Zaidi ya migodi 500 iliachwa wazi. Katika baadhi ya visima vya eneo hilo, urani imeyeyuka majini. Hapo hudhuru kwa njia nyingine: kama metali nzito, huharibu figo. Kuyachemsha maji hakusaidii; mvuke huondoka, urani hubaki, na maji yaliyosalia huwa makali zaidi. Kinachohitajika ni kuichuja kwa mitambo maalumu, au kuleta maji kutoka kwingine. Mwaka 2005 Taifa la Navajo lilipiga marufuku uchimbaji wa urani katika ardhi yake, lakini sheria huzuia mashimo mapya tu. Radiamu iliyokwisha kutolewa ardhini sharti izikwe na kulindwa.