Nasaba ya Watu wa Mwese

Swali: Marehemu babu, mkimbizi kutoka Rwanda, alifika Mwese, Tanzania, miaka ya 1960, akatuachia sanduku la karatasi. Nitaitafutaje nasaba yetu?

Jibu: Ndugu yangu, kabla hujafunga safari, zifunue karatasi hizo taratibu, kwani cheti cha ubatizo, hata kikiwa kimefifia wino, aghalabu hutaja parokia, tarehe, wazazi na msimamizi wa ubatizo, na ukiisha kuijua parokia, mathalani Save nchini Rwanda, iliyoasisiwa na Mapadri Weupe mwaka 1900, mwombe paroko akufungulie daftari la mwaka wa ubatizo. Hati za uraia, ambao serikali yetu iliwafungulia wakimbizi wa Rwanda mnamo 1980, zitunze pia. Lakini kabla ya kumwendea paroko, waulize wazee wa Mwese, ukiandika ukoo, kilima alikotoka na majina yote ya babu, maana huenda daftarini ameandikwa kwa jina usilolijua.