Kabla ya Kununua Kaiti Iliyotumika: Mwongozo kwa Anayeanza

Kijitabu hiki ni cha nani

Kuanzia Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, hadi Diani na Watamu nchini Kenya, vijana wengi wa pwani wameujua mchezo wa kaiti: kusimama juu ya ubao na kuvutwa baharini kwa nguvu ya upepo. Wapo walioanza kwa kuwabebea wageni vifaa ufukweni, wakajifunza, na leo ni walimu. Kaiti mpya ni ghali, kwa hiyo anayeanza hununua iliyotumika, ama kwa mgeni anayerudi kwao, ama kwa shule inayobadilisha vifaa msimu ukiisha.

Kununua kaiti iliyotumika si kosa. Hatari ni kununua usichokijua. Mnunuzi anayeanza huuliza kwanza, "Inavuta vizuri?" Tunakuomba uanze na swali jingine: "Inaachia vizuri?" Upepo ukizidi ghafla, au ukikusukumia kwenye mwamba, kitakachokuokoa ni kuizima kaiti mara moja. Ndiyo maana ukaguzi wetu unaanza na kifyatuo, yaani kifaa cha kuizima kaiti wakati wa dharura.

Jifunze kwanza, nunua baadaye

Usinunue kabla ya kumaliza mafunzo ya msingi. Ukiisha kuyamaliza utajua kuirusha kaiti, kuinyanyua ikianguka majini, kujifyatua na kujirudisha pwani bila msaada. Mwalimu wako naye atakuwa anajua uzito wako na kiwango chako. Mwombe mfuatane siku ya kukagua, na mlipe kwa muda wake ikibidi.

Ukubwa wa kaiti hupimwa kwa mita za mraba. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Septemba, na ule wa kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo wa Paje mara nyingi huwa noti 15 hadi 20, yaani kilomita 28 hadi 37 kwa saa. Kwa upepo huo, mtu wa kilo 70 kwa kawaida hutumia kaiti ya mita za mraba 9 hadi 12. Aliye mwepesi hutumia ndogo zaidi. Kijana wa kilo 55 asinunue ya mita 14 kwa sababu tu imeshushwa bei.

Umri wa kaiti

Kaiti ya kujazwa hewa ilibuniwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliosajili hataza yao mwaka 1984. Kwa miaka mingi kaiti za mchezo huu ziliendelea kuvuta hata mtu alipotaka kupunguza nguvu. Kuanzia mwaka 2005 ziliingia sokoni kaiti za umbo la upinde, ambazo ukiusukuma mpini (fimbo unayoshika kuongozea kaiti) mbali nawe hupoteza karibu nguvu zote. Kaiti ya kabla ya hapo haimfai anayeanza, hata akipewa bure.

Mwaka wa toleo mara nyingi huandikwa kwenye kitambaa au kwenye mkoba. Usiutegemee peke yake. Kaiti ya shule yenye miaka miwili, iliyoanikwa juani kutwa, inaweza kuwa imechoka kuliko ya mgeni yenye miaka mitano. Uliza imetumika wapi, na nani, na ilihifadhiwaje.

Ukaguzi hatua kwa hatua

Nenda mchana, ukiwa na muda wa kutosha. Muuzaji asiyekubali kaiti ifunguliwe na kujazwa, mwache.

*1. Kifyatuo cha dharura.* Hiki kiko kwenye kitanzi kinachounganisha mpini na mkanda wako wa kiunoni, na mara nyingi kina rangi nyekundu. Funga kamba kwenye nguzo imara, jifunge kitanzi, egemea nyuma kwa uzito wako wote, kisha kisukume. Kifunguke mara moja, kwa mkono mmoja. Rudia mara kadhaa, kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Kikikwama, kioshe kwa maji baridi ili chumvi na mchanga vitoke, ujaribu tena. Kikikwama bado, usiuchukue mpini huo.

Kagua pia kamba fupi ya usalama, inayokuunganisha na kaiti hata baada ya kujifyatua. Ukijifyatua, kaiti inapaswa kubaki kwenye kamba moja ya mbele na kulala majini bila nguvu. Kamba hiyo fupi nayo lazima iwe na kifyatuo chake, ili uweze kuiachia kaiti kabisa ikibidi. Mwaka 2020 kilitolewa kiwango cha kimataifa cha vifyatuo hivi, ISO 21853; mpini uliotengenezwa kukifuata ni chaguo bora.

*2. Kamba nne.* Zikunjue zote na uzipitishe vidoleni. Palipokwaruzika au kutoka manyoya ni dalili ya kukatika. Fundo katikati ya kamba huipunguzia nguvu sana. Kisha zifunge ncha zote nne kwenye nguzo moja na uuvute mpini ukiwa umelegeza kabisa kamba ya kupunguzia nguvu: mpini ukae sawa na kamba zote zikaze pamoja. Kamba za mbele hubeba mzigo mkubwa, hivyo hurefuka. Tofauti ndogo mwalimu anaweza kuirekebisha. Kamba iliyochakaa hununuliwa mpya.

Hakikisha pia mpini ulitengenezwa kwa kaiti hiyo, au fundi anayeijua athibitishe kuwa vinaendana. Ukiunganisha visivyoendana, kaiti inaweza isizimike ukijifyatua.

*3. Hatamu na kapi.* Hatamu ni kamba fupi zinazoshika ukingo wa mbele wa kaiti. Nyingi hupita kwenye kapi ndogo. Kapi iliyojaa mchanga haizunguki, na huisaga kamba hadi ikatike. Zungusha kila kapi kwa kidole, kisha tazama kamba inayopita ndani yake.

*4. Kitambaa.* Kitambaa kizima ni kikavu na hulia kikikunjwa. Kilicholiwa na jua huwa laini na kimya. Kiinue dhidi ya mwanga utafute matobo. Kagua mishono, hasa ukingo wa nyuma unaopigapiga kwenye upepo. Kiraka kilichoshonwa na fundi hakina tatizo. Gundi ya kujipakia karibu na mshono ni onyo.

*5. Tyubu na valvu.* Ndani ya bomba la mbele na mbavu za kaiti mna tyubu za hewa. Jaza kaiti hadi ikaze na uiache kivulini kwa saa kadhaa, na ikiwezekana usiku kucha. Ikilegea, kuna uvujaji. Kwenye joto la pwani gundi ya valvu hulainika na valvu kubanduka, kwa hiyo papase kuzunguka kila moja. Tyubu hubadilishwa, lakini gharama yake itoke kwenye bei ya muuzaji.

*6. Mkanda na ubao.* Tazama mishono ya mkanda na ndoano yake. Iliyopinda au kupata ufa, ikatae. Gonga ubao pande zote: panapotoa mlio tofauti au panapobonyea, huenda pametengana na kuingia maji. Jaribu skrubu za mahali pa miguu, kwa kuwa kutu huzifunga zisitoke tena.

Bei na malipo

Usitume hata arubuni kwa simu kwa mtu ambaye hujaonana naye wala kuviona vifaa. Ukikubali kununua, andikishaneni: jina, tarehe, toleo, ukubwa na namba ya kifaa kama ipo. Karatasi hiyo inaweza kukusaidia ikidaiwa kuwa mali ni ya wizi. Ukiambiwa kuna mteja mwingine njiani, mwache anunue yeye.

Kumbuka wenzako baharini

Kwenye ufukwe wa Paje na Jambiani akina mama hulima mwani majini, na wavuvi hupita na ngalawa. Kamba zako zina urefu wa zaidi ya mita 20, na zikiwa zimekaza zinaweza kumkata mtu. Kaiti isiyozimika inawahatarisha wao kabla yako. Jaribu vifaa vipya kwako mbali na mashamba ya mwani, upepo ukiwa wa wastani, mwalimu akiwa karibu.

Baada ya kununua

Suuza mpini na kapi kwa maji baridi kila utokapo baharini. Kausha kaiti kivulini kabla ya kuikunja. Jaribu kifyatuo kila siku kabla ya kuingia majini.

Usinunue ikiwa:

- kifyatuo kimekwama hata mara moja baada ya kuoshwa;
- kaiti ni ya kabla ya 2005;
- kitambaa kimelainika au kinachanika kwa kidole;
- mpini na kaiti haviendani;
- muuzaji amekuzuia kukagua chochote kati ya hivi.

Mengine yote yana bei na yana fundi. Haya matano hayana.