Kazualti Haifuati Nani Alifika Kwanza

Somo la wiki. Andiko la kusoma nyumbani: Wafilipi 2:4

Wiki hii tujifunze jambo ambalo siku moja litatukuta wengi wetu: kuingia kitengo cha dharura, ile kazualti, ukiwa na shida ndogo ya jicho. Jicho ni jekundu, linawasha, linatoa machozi. Umefika saa mbili usiku, benchi zimejaa, na saa nne bado uko palepale. Halafu mtu aliyeingia sasa hivi anapitishwa mbele yako. Moyoni unasema, "Huyu ana mtu ndani."

Sisi tuliosomea biashara tulifundishwa foleni ya benki: aliyetangulia ahudumiwe kwanza. Kazualti haiendi hivyo. Dominique Jean Larrey, daktari wa upasuaji katika jeshi la Napoleon, anakumbukwa kwa kuwatibu majeruhi kwa kufuata uzito wa jeraha, bila kutazama cheo. Leo kazi hiyo hufanywa na nesi anayekupokea. Anaangalia unavyopumua, mapigo ya moyo, presha na joto, kisha anakupanga. Kuna mpango wa rangi ulioanzia Afrika Kusini: mwenye nyekundu huonwa papo hapo, wa rangi ya chungwa ndani ya dakika 10, wa manjano ndani ya saa 1, na wa kijani ndani ya saa 4. Mtoto mwenye degedege ni nyekundu. Jicho linalowasha tu ni kijani.

Kwa hivyo ukiambiwa ungoje, hiyo ni habari njema juu ya mwili wako. Upendeleo upo, na ukiuona mwambie msimamizi wa hospitali. Lakini si kila anayekupita amenunua nafasi. Pengine dakika zako 30 ndizo uhai wa mtoto wa jirani.

Sasa sikieni jambo la pili, kwa sababu uvumilivu mahali pabaya unaweza kukupotezea jicho. Usikae kimya kwenye benchi ukiwa na mojawapo ya haya:

1. Umemwagikiwa na kemikali, simiti, chokaa au asidi ya betri.
2. Kitu kimedunga jicho, au kipande cha chuma kimeruka wakati wa kuchomelea au kusaga.
3. Kuona kumepungua ghafla, au unaona kama pazia limeshuka.
4. Maumivu ni makali, mwanga unakuumiza, au unatapika.
5. Jicho ni jekundu na wewe huvaa lenzi za ndani ya jicho.
6. Ni mtoto mchanga mwenye usaha machoni.

Mwambie nesi waziwazi. Ukiwa unangoja na hali ibadilike, rudi umwambie tena. Huko si kusumbua. Na kama huna pesa, jua kwamba Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Jambo la tatu ni kabla ya kutoka nyumbani. Kijana wa mjengo akiingiwa na simiti, asikimbilie bodaboda kwanza. Afungue jicho, alioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 30, ndipo aende. Lakini kitu kilichodunga jicho usikichomoe wala usiliminye. Usiazime dawa ya matone ya jirani. Nyingine zina steroidi, na zinaweza kuzidisha maambukizi. Na hapa niseme kama mchungaji: mafuta ya upako hayatiwi ndani ya jicho. Tutakuombea ukiwa njiani kwenda kwa daktari, na imani yako haitapungua.

La mwisho, shida ndogo kweli ipeleke mahali pake. Chokea hukandwa kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu. Macho mekundu ya virusi, kama yale yaliyoenea Pwani mwanzoni mwa 2024, kwa kawaida hupona yenyewe. Nawa mikono, na kila mtu awe na taulo yake. Usipopata nafuu, nenda mchana kwenye kituo cha afya au kliniki ya macho. Hospitali nyingi za kaunti zina maafisa wa kliniki waliosomea macho, na hao wana vifaa ambavyo daktari wa zamu ya usiku huenda hana.

Kazi ya wiki hii, kila familia: tafuteni kliniki ya macho iliyo karibu na siku zake za kazi. Hakikisheni mmesajiliwa na SHA. Na kama una fundi wa kuchomelea nyumbani, mnunulie miwani ya kinga kabla ya Jumapili. Bei yake haifikii thamani ya jicho moja.