SOMO: Bima ya Afya Mahali Pasipo na Chaguo la Pili



Katika ziara zetu kwa vikundi vya kuweka na kukopa vya kata ya Bugwema, swali moja hurudi kila mara pamba inapokwisha kuuzwa: je, kulipia kadi ya bima ya afya kuna faida, au ni hela ya kutupa? Wapo pia wanaouliza kwa nini kampuni binafsi za bima, zile zinazosikika redioni, haziji kijijini ili mtu achague mwenyewe. Tumeona tuyajibu maswali haya pamoja, kwa kuwa la pili ndilo linaloeleza ugumu wa la kwanza.

Tuanze nyuma kidogo. Uchangiaji wa gharama za matibabu katika hospitali za serikali ulianza mwaka 1993. Kabla ya hapo wengi wetu tulizoea kwenda na daftari tu. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ulianza kwa majaribio wilayani Igunga, na mwaka 2001 ukatungiwa sheria. Mkulima alichanga, na serikali iliahidi kuongeza kiasi kilekile, utaratibu uliojulikana kama tele kwa tele. Mwaka huohuo wa 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianza kazi kwa watumishi wa serikali: asilimia 3 ya mshahara kutoka kwa mtumishi, na asilimia 3 kutoka kwa mwajiri.

Hivyo katika kijiji kimoja mwalimu na mkulima jirani yake walikuwa na kadi mbili tofauti. Kadi ya mwalimu ilimfikisha hospitali kubwa. Ya mkulima kwa miaka mingi iliishia kwenye zahanati aliyoandikishwa, au ndani ya halmashauri yake. Marekebisho ya mwaka 2018 yalileta CHF iliyoboreshwa: shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na matibabu kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ilimradi mgonjwa afuate ngazi za rufaa. Kwa watu wa Bugwema hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Sasa, kampuni binafsi ziko wapi? Hapa inabidi tupige hesabu. Tuseme kaya 100 zinachanga shilingi 30,000 kila moja. Zinapatikana shilingi 3,000,000. Wakitokea wagonjwa 10 tu katika mwaka, kila mmoja akahitaji matibabu ya shilingi 300,000, mfuko umekwisha, na bado hatujahesabu malaria hata moja. Bima husimama pale ambapo wengi wazima wanachanga kwa ajili ya wachache wanaougua. Wakijiunga wagonjwa peke yao, hufa. Hili liliwakuta hata wakubwa. Mwezi Machi 2023 NHIF ilisimamisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, ikataka watoto waandikishwe kwa pamoja kupitia shule, kwa maelezo kwamba wazazi wengi walikuwa wakiwakatia kadi watoto ambao tayari ni wagonjwa.

Kampuni inayotafuta faida huiona hesabu hiyo mapema. Inapenda mahali penye mgodi, benki au ofisi, ambapo mchango unakatwa kwenye mshahara kabla mtu hajaushika. Kumfuata mkulima nyumba kwa nyumba, tena baada ya mauzo ya pamba tu, kunagharimu sana ukilinganisha na mchango wenyewe. Na hata kampuni ikija, itaingia mkataba na nani? Kituo kilicho karibu na watu wengi wa vijijini ni zahanati ya serikali. Ukiritimba wa bima kijijini, basi, haukutokana na mtu kuwafukuza wengine. Wengine hawakuja. Kwa mwenye kadi, hata hivyo, matokeo ni yaleyale: asiporidhika hana pa kuhamia.

Na hapo ndipo uchungu ulipo. Mama anafika na mtoto mwenye homa, kadi mkononi, anaambiwa dawa hakuna, akanunue duka la dawa. Amelipa mara mbili. Mjini angetafuta kituo kingine. Kijijini anakata tiketi ya gari au anakodi bodaboda kwenda Murangi, Suguti au Musoma mjini, na nauli haimo katika bima yoyote. Mwaka unaofuata halipii tena. Hatuwezi kumlaumu, ila kila kaya yenye afya inayojitoa inaufanya mfuko uwe mwembamba zaidi kwa waliobaki, na dawa zinazidi kukosekana.

Wengine husema dawa yake ni kuleta kampuni nyingi. Sisi hatuamini hivyo moja kwa moja. Mwezi Machi 2024 hospitali binafsi nyingi, zikiwemo kubwa za Dar es Salaam, zilisitisha kupokea kadi za NHIF kwa sababu ya mvutano juu ya bei mpya za huduma. Huko kampuni zipo, hospitali zipo, na bado mgonjwa alibaki getini na kadi yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaruhusu skimu za umma na za binafsi, lakini sheria haiwezi kuilazimisha kampuni ipende kijiji. Muswada wake ulipojadiliwa mwaka 2022, kiwango kilichotajwa kwa kaya ya watu sita kilikuwa shilingi 340,000. Kila mkulima anajua ni kilo ngapi za pamba hizo.

Asiye na pa kuhamia anabaki na sauti yake, na kusema ukweli sehemu nyingi haitumiki. Kila zahanati inatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Ni wangapi kati yetu wanaowajua wajumbe hao kwa sura? Michango ya bima inayorudi kituoni ni fedha ambayo kamati hiyo ina haki ya kuijua, ikiwa ni pamoja na imenunua dawa gani na kwa nini nyingine hazipo. Kujiunga kwa kikundi nako kunasaidia, kwa sababu wazima na wagonjwa huingia pamoja. Ndiyo maana NHIF ilibuni Ushirika Afya kwa wanachama wa vyama vya ushirika wa mazao, na wakulima wa pamba waulizie katika AMCOS zao.

Kwa vikundi vitakavyokutana kabla ya mauzo, tunaomba mjadili haya. Kabla ya kulipa, muulizeni mwandikishaji: kadi inaanza kutumika baada ya siku ngapi? Inapokelewa vituo gani kwa majina? Huduma gani hazimo? Dawa ikikosekana, mwenye kadi afanye nini? Viwango vinaweza kubadilika kadiri sheria mpya inavyotekelezwa, kwa hiyo msitegemee bei ya mwaka jana. Halafu mwalikeni mjumbe mmoja wa kamati ya zahanati aje na taarifa ya mapato na dawa. Katibu aandike tarehe ambazo wanachama walikosa dawa, na ni dawa gani. Orodha hizo tutazikusanya katika ziara ijayo na kuzifikisha kwa mratibu wa bima wa halmashauri, tukiwa pamoja na wawakilishi wenu wawili.