Sifa Unazo, Nafasi Je? Somo la Kusubiri Udahili Kutoka Bariadi

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na sisi tulio likizo ndefu tunageuka washauri wa udahili mtaani, tutake tusitake. Hapa Bariadi nimeshakaa na wadogo zangu kadhaa msimu huu, matokeo mkononi, na swali ni lile lile: "Kaka, nitachaguliwa?" Nimeona niliandike, maana najua hata wewe unayesoma hapa una mdogo wako nyumbani anayekupigia simu kila siku.

Tuanze na pointi, kwa sababu hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea. Baraza la Mitihani likipanga divisheni linahesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, na kuendelea. Huko mwenye pointi chache ndiye bora, na Divisheni ya Kwanza ni pointi 3 hadi 9. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inageuza mzani: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Huku pointi nyingi ndiyo mali. Kiwango cha chini cha kuomba shahada kwa waliomaliza kidato cha sita miaka hii ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. Yaani D mbili zinakuruhusu kuomba, halafu kila kozi inaongeza masharti yake. Tatizo ni hilo neno kuomba. Watu wanalisikia kama kupata.

Binti wa jirani yetu kasoma HGL. Ana B ya Historia, C ya Jiografia na C ya Kiingereza. Kwa Baraza hizo ni pointi 8, Divisheni wani safi. Kwa TCU ni pointi 10 kati ya 15. Baba yake ni mkulima wa pamba, na alipouza msimu huu alitenga hela ya nauli, godoro na sanduku kabla hata ya matokeo. Binti akaomba Sheria kwenye vyuo vitatu, vyote vinavyogombewa, na kote akaweka Sheria tu. Awamu ya kwanza ilipotangazwa hakuwemo hata kimoja.

Mzee akaniita. "Ng'wanone, Divisheni wani inakosaje chuo? Au kuna mtu anatakiwa apewe kitu?"

Nikamwambia, "Hapana baba, tuhesabu." Nikampa mfano wa kubuni. Kozi ina nafasi 100. Wameomba watu 600 na wote wana sifa. Wanapangwa kuanzia mwenye pointi nyingi kushuka chini. Kama wa 100 ana pointi 11, basi mwenye 10 yuko nje, japo amezidi kile kiwango cha chini mara mbili na nusu. Mwaka unaofuata wakiomba 900, mstari unaweza kupanda tena bila mtu yeyote kubadilisha kanuni. Ndiyo maana yule anayekwambia "kaka yangu aliingia na pointi 8 mwaka juzi" hakusaidii sana. Alishindana na watu wengine.

Chuo chetu hapa Dodoma ni mfano mzuri wa mstari unaopanda. Kilianza mwaka 2007, na nilipokuwa sekondari kwetu Simiyu wengi walikitaja baada ya vyuo vya Dar es Salaam. Kisha mwaka 2016 serikali ikatangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, wizara zikaja, na mwaka 2024 treni ya SGR ikaanza kubeba abiria kutoka Dar. Kwa sisi wa Bariadi sababu ni ndogo zaidi: basi la Dar lenyewe linapita Dodoma, kwa hiyo ukishuka hapo umeokoa nauli na saa kadhaa za kukaa. Sasa wadogo zetu wanakiweka chaguo la kwanza, halafu wanashangaa kumbe na wenzao wamefanya hivyo.

Jambo la pili ambalo mzee hakulijua, na nadhani ndilo la muhimu kuliko yote: orodha ya awamu ya kwanza si ya mwisho. Kijana mwingine wa mtaa huo huo, mwenye Divisheni tu, kachaguliwa vyuo vitatu. Atasoma kimoja. Mpaka athibitishe, nafasi mbili zinakaa bila mtu huku wengine wanalia. Nilimkuta bado "anafikiria." Nikamwambia kufikiria kwake kuna mtu anakulipia. Kuthibitisha ni kuingiza namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu, kabla ya tarehe ya mwisho, basi.

Hili tatizo ni la dunia nzima. Mwaka 1962 wanahisabati wawili wa Marekani, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika makala fupi kuonyesha namna ya kugawa wanafunzi vyuoni ili asibaki mwanafunzi na chuo wanaotakana kuliko walivyopangiwa. Shapley alikuja kupata Nobeli ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Alvin Roth. Sisi pia tuliwahi kuwa na mfumo mmoja wa pamoja chini ya TCU, kuanzia 2010, lakini mwaka 2017 waombaji wakarudishwa kuomba chuoni moja kwa moja. Uhuru umeongezeka, na watu wa kuchaguliwa mara tatu nao wameongezeka. Kwa maoni yangu ule wa pamoja ulikuwa na nafuu kwa mtoto wa mbali na vyuo, ila najua wengi hapa watanibishia.

Tukafungua mwongozo wa udahili wa TCU. Watu wanasoma safu ya sifa tu, wanairuka safu ya idadi ya nafasi. Mle utaona kozi mbili zenye sifa karibu sawa, moja inachukua makumi, nyingine mamia. Kwa awamu ya pili binti ameacha Sheria chuo kimoja, akaweka Ualimu wa masomo ya sanaa na kozi nyingine mbili zenye nafasi nyingi. Sikumlazimisha Ualimu, ingawa ndio ninaousoma. Alisema mwenyewe Historia ingemtosha. Mzee alitaka kujua kama mwalimu naye anapata mkopo. Nikamweleza mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo kwa dirisha lake, tofauti na chuo, na dirisha hilo halimsubiri anayesubiri udahili.

Kitu kimoja kilinishtua. Awamu ya kwanza alijaziwa fomu steshenari, na namba ya simu iliyoandikwa ilikuwa ya muhudumu. Angechaguliwa, namba ya siri ingeenda kwa mtu mwingine. Mwulize mdogo wako leo, hasa kama yuko kambini JKT na fomu alijaziwa na mtu: namba gani iko kwenye maombi yako?

Ya binti tumeshaibadilisha. Majina ya awamu ya pili bado yanahakikiwa TCU, na laini iko kwenye simu ya tochi ya baba yake, ambayo siku hizi haizimwi.